Niliweka Linux kwa sababu ya uoga, ikanifungia nje na picha ya mtoto wa watu iko ndani

Wakuu, salamu kutoka Goma.

Haya ninayoandika yamenipata mwenyewe. Mama Zawadi, mke wangu, amekaa hapa pembeni anasoma kila mstari, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi hanipi nafasi. Kiswahili changu mkivumilie. Huku tunachanganya na Kifaransa, mkikutana na neno la ajabu msiogope, maana yake itajileta.

Nimekuwa msomaji wa kimya wa hili jukwaa kwa muda mrefu. Nyuzi zenu za Linux nimezisoma nyingi sana. Mmoja wenu ndiye aliyenifundisha kuinstall, na uzi wake huohuo karibu uniue kwa presha. Yeye hana kosa lolote, mtaona mbele.

Kwanza mnijue.

Nina secrétariat, yaani kichumba cha mbao barabarani, upande wa Majengo, njia ya kupanda Munigi. Naandikia watu barua, naprinti, natoa photocopy, napiga picha za passport. Mtu amepoteza carte d'électeur, ile kadi ya kupigia kura, namwandikia barua ya kutangaza. Mtoto anaanza shule, nampiga picha. Kazi yote hiyo niliifanya na laptop ya mkono wa pili yenye Windows iliyochakachuliwa.

Virusi nilivizoea. Kila mteja anakuja na flash yake, na kila flash ina wadudu wake. Folder zinageuka shortcut, unafuta, zinarudi, maisha yanaendelea.

Kwa hiyo msidhani nilihama kwa sababu ya virusi. Nilihama kwa sababu ya uoga.

Mji wetu umepita mahali pagumu, mnasikia kwenye habari, sitaki kurudia. Siku moja watu wenye silaha waliingia kwa jirani yangu mwenye duka la simu. Hawakuiba na hawakupiga mtu. Walimwambia tu afungue computer. Wakakaa wanaangalia picha za wateja wake, moja baada ya nyingine, wanauliza: huyu ni nani, huyu anakaa wapi, huyu mume wake yuko wapi.

Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta wa mbao. Nilisikia kila kitu.

Kwenye laptop yangu kulikuwa na sura za nusu ya mtaa, na majina yao, na barua zenye mambo ambayo wengine hata padri hawajamwambia. Nilikaa kwenye kiti nikingoja mlango usukumwe.

Siku ile hawakuingia kwangu. Jirani alifunga duka, akapanda boti kwenda kwa ndugu zake upande wa Bukavu, hajarudi mpaka leo.

Kuna atakayesema, si ungefuta tu? Mkuu, huku kwetu mtu akikimbia anaacha karatasi zote. Akirudi, anakuja kwangu anauliza, "Papa, ile yangu ungali nayo?" Kumfutia ni kumwongezea msiba. Nilitaka kitu kimoja: laptop ifungwe kiasi kwamba hata mtu akiitoa disque akaichomeka kwenye machine nyingine asione kitu.

Ndipo nikarudi humu kusoma kwa nia.

Sasa kuchagua. Nyie watu mnachosha. Mmoja anasema Ubuntu, mwingine anasema Ubuntu ni nzito, mwingine anasema mwanaume ni Arch. Kuna mkuu mmoja alikomaa na FreeBSD, kwamba hiyo ndiyo yenye damu ya Unix na Linux ni mtoto wa kulea tu. Nilimheshimu, nikaijaribu. Wifi ya laptop yangu haikuonekana, nikatafuta, nikaandika amri nisizozielewa, mwisho nikamwachia mwenyewe FreeBSD yake.

Mimi shida yangu ilikuwa ndogo. Laptop ni ya zamani, kwa hiyo mfumo uwe mwepesi. Printer yangu ikubali. Kuwe na vitu vya kubonyeza, kwa sababu mteja hangoji mtu akumbuke amri. Na kile kifungo cha kufunga disque yote kiwe ndani ya installer yenyewe, maana nikianza kufunga kwa amri ningeharibu.

Nikaangukia Linux Mint, ile ya Xfce. Niliiweka kwenye flash, nikawasha laptop kwa ile flash bila kuinstall kitu. Kwa wageni: hiyo wanaiita live. Mfumo unaamka kutoka kwenye flash, unautembelea, unajaribu wifi, unajaribu printer, disque yako haijaguswa. Ni kuonja mboga kabla hujapakua. Printer ilijitambulisha yenyewe, mimi nikabaki nimeshangaa.

Jumapili baada ya misa nikainstall.

Nilifuata ule uzi wa mkuu wetu, nadhani ni wa Tanzania, aliyeweka picha za kila hatua. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, kwa hiyo nilifuata kama mtoto anavyofuata mwalimu. Yeye alibonyeza language English, nami English. Yeye keyboard English US, nami English US. Next, next.

Ikafika hatua ya kufuta disque. Picha zote nilikuwa nimezihamishia kwenye external ya shemeji yangu. Nikapiga ishara ya msalaba, nikabonyeza.

Kabla ya hapo installer ilikuwa imeniomba neno la siri la kufungia disque. Nikachagua jina ambalo siwezi kulisahau hata nikipigwa: mamazawadi. Msijisumbue, nimeshalibadilisha. Unapoandika unaona nukta tu. Nikaandika mara ya pili kuthibitisha, ikakubali.

Baada ya install nikarudisha picha kwenye laptop. Halafu, kabla ya kumrudishia shemeji external yake, nikafuta kila kitu, tena nikahakikisha kimefutika. Sikutaka sura za watu zizunguke kwenye mifuko ya watu wengine. Kwa hiyo sasa zilibaki mahali pamoja tu. Wakati ule niliona hiyo ndiyo busara.

Jambo moja lilinikera. Nikibonyeza A, inaandika q. Nikibonyeza M, inaandika nukta na mkato. Nilijua tatizo mara moja. Laptop yangu ilitoka Ubelgiji, keyboard yake ni ya Kifaransa, ile AZERTY. Nyie wa Dar na Nairobi mnatumia QWERTY. Herufi zenu na zetu haziko mahali pamoja, na mimi nilikuwa nimeiambia machine kwamba keyboard ni ya Kiingereza.

Nikabadilisha kuwa French kwenye settings. Nikatafuta humu, nikapata na amri ya kubadilisha kwa mfumo mzima, nikaiandika, ikapita bila kelele. A ikawa A. Nikashukuru, nikaendelea na kazi.

Laptop sikuwa naizima. Jioni naifunika inalala, asubuhi naifunua. Ikawa hivyo kwa wiki kadhaa, na kwa mara ya kwanza tangu yule jirani aondoke nikaanza kupata usingizi.

Kisha courant, yaani umeme, ikakatika muda mrefu, betri ikaisha, laptop ikazimika yenyewe.

Asubuhi nimefika dukani, courant imerudi, nikaiwasha. Ikaniomba neno la siri la disque. Nikaandika mamazawadi.

Ikakataa.

Nikajua nimekosea kidole. Nikaandika polepole. Ikakataa. Nikaangalia kama herufi kubwa zimewaka. Hapana. Nikaandika tena natazama kila kidole. Ikakataa.

Nilikuwa sijaanza kuogopa vizuri, mlangoni akasimama Mama Asifiwe.

Mama Asifiwe alikuwa anauza sombe, yaani kisamvu, mbele ya duka langu. Ni mkimbizi wa vita kutoka upande wa Rutshuru, alikaa kambini Kanyaruchinya na binti yake, Asifiwe. Kambi zilipovunjwa watu walitawanyika njia zote, na katika msukumano ule mkono wa mtoto ulichomoka mkononi mwake. Alirudi kumtafuta siku hiyohiyo, na siku nyingine zote zilizofuata. Simu yake pia ilipotelea njiani. Miezi ilikuwa imepita.

"Papa Zawadi," alisema, "ile photo ulipigaka Asifiwe ya masomo, ingali iko?"

"Iko," nikasema. Mdomo ulijibu kabla ya akili.

"Kuko famille moja kule Rumangabo baliokota mutoto mwanamuke. Minasikia anafanana naye. Lakini kuko na mama mwingine, naye anasema ni wake. Bale benye kulinda batoto banasema kila mutu alete photo. Chauffeur anaenda leo, atapita hapa mbele ya mangaribi."

"Na mutoto mwenyewe anasema nini?"

"Hasemi kitu. Tangu bamuokote hasemi hata jina yake."

Picha ile ilikuwa kwenye laptop tu. Mama huyu hakuwa na nyingine. Ile niliyomprintia ilibaki kwenye mzigo alioutupa akikimbia.

Ningeweza kumwambia courant hakuna. Lakini taa ilikuwa inawaka juu ya kichwa changu, na yule mama alikuwa ananiangalia.

"Mama, machine imefunga," nikasema. "Inakatala neno yangu. Sijue juu ya nini."

Aliniangalia kidogo. Akaingia, akakaa kwenye benchi, akaweka kikapu katikati ya miguu.

"Haizuru. Nitangoja."

Ni afadhali angenitukana.

Nikaandika tena. Na tena. Yeye alikuwa anatazama vidole vyangu, na kila ikikataa aliinamisha macho kidogo, halafu anarudi kuvitazama. Jasho lilinitoka mpaka keyboard ikalowa. Nilianza kujiuliza kama kweli neno ni hilo. Labda niliongeza kitu. Labda kuna mtu aliingia akabadilisha. Labda akili yangu imeanza kuondoka, maana huku tumeona watu ambao vita ilipita na akili zao zikaondoka nayo.

Na mjue ubaya wa disque iliyofungwa hivi. Hakuna wa kumpigia simu. Hakuna ofisi ya kwenda kulia. Hakuna pa kubonyeza "nimesahau". Niliitaka hivyohivyo, na ndicho kilichonifurahisha niliposoma humu. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi nilikuwa nimeingia na mtoto wa watu mkononi.

Wateja walikuja, nikawarudisha. Mwishowe nikamwita Chance, fundi wa computer wa nyumba ya tatu. Chance alisomea Kampala, anajua kazi, ila ana haraka kama mtu aliyeacha chungu jikoni.

Akajaribu kidogo, akatikisa kichwa.

"Papa Zawadi, hii disque imeharibika mwanzo yake. Tuformater tu, uanze mupya."

"Formater njo kufanya nini?" Mama Asifiwe akauliza kutoka kwenye benchi.

"Ni kusafisha, mama. Yote inaanza mupya."

"Na photo?"

Chance akajifanya anatafuta waya.

Nikamwambia hapana, kwanza tuingie kwa ile flash yangu tuone kama disque bado iko hai. Tukawasha kwa flash, Mint ya live ikaamka. Disque ilionekana, ina kikufuli. Chance akabonyeza, ikaomba neno la siri, nikamtajia. Akaandika haraka bila hata kutazama keyboard, kama wanavyoandika waliosoma.

Ikakataa.

Hapo ndipo nilipovunjika. Mpaka wakati ule nilikuwa na tumaini kwamba kosa ni vidole vyangu. Sasa mtu mwingine, mwenye vidole vya shule, ameandika neno langu sawasawa na limekataliwa. Basi si vidole. Basi Chance amesema kweli, disque imekufa.

Chance akasogeza panya mpaka kwenye alama ya Install. "Tufanye?"

Niligeuka nikamtazama Mama Asifiwe. Nilikuwa namwogopa yule mama kuliko nilivyowaogopa wale watu wenye silaha. Hao wangenipiga tu. Huyu alikuwa anangoja.

Mama Zawadi akaingia na chakula cha mchana. Alikuta mimi nimeshika kichwa, Chance ameshika panya, na Mama Asifiwe machozi yanamtoka bila sauti. Nikamweleza kwa kifupi. Nikamwambia na neno lenyewe, kwamba ni jina lake. Hakujua.

Hakucheka. Akaweka sahani chini, akatazama ile keyboard.

"Ile siku ya kwanza," akasema, "uliniita nione hii machine mupya. Ukaandika jina yangu. Si ilitoka maneno ya shetani?"

Nikamtazama.

Ni kweli. Jumapili ile, kabla sijabadilisha keyboard, nilimwita nimwonyeshe, nikaandika Mama Zawadi, kikatoka kitu hakisomeki. Alinitania kwamba Linux yangu haijui Kiswahili.

"Chance, toa mukono," nikasema.

Mint ya live ilikuwa imeamka na keyboard yake ya kawaida, ya Kiingereza, kama siku ya install. Nikafungua pa kuandikia. Nikaandika jina la mke wangu huku natazama vibonyezo vyangu vya Kifaransa, kimoja kimoja, kama nilivyofanya Jumapili ile nikiona nukta tu.

Kwenye kioo ikatokea:

;q;qwqzqdi



Wakuu, hilo ndilo lilikuwa neno langu la siri. Sikuwahi kuliona. Nilipokuwa nainstall, nilibonyeza M, machine ikapokea nukta na mkato. Nilibonyeza A, ikapokea q. Z ikawa w, na W ikawa z. Nukta zikanifichia. Kwa kuwa nilikosea vilevile mara zote mbili, ikakubali. Nilipoweka keyboard ya Kifaransa kwa mfumo mzima, nilibadilisha hata ile sehemu inayoomba neno wakati wa kuwaka. Kuanzia hapo vidole vyangu vilikuwa vinaandika mamazawadi ya kweli, na disque haijawahi kumjua mtu anayeitwa hivyo. Na Chance, aliyezoea QWERTY ya Kampala na hatazami vibonyezo, aliandika ile ya kweli pia.

Mtaniambia nilifurahi. Sikufurahi. Niliogopa kuliko mwanzo, kwa sababu sasa nilikuwa na jibu moja tu, na likikataa hakuna jingine. Mama Zawadi aliniwekea mkono wake begani.

Nikabonyeza kikufuli. Nikaandika jina lake kwa kutazama vibonyezo.

Kikafunguka.

Folder zangu zikatokea zote, kama hakuna lililotokea. Nikatafuta kwenye picha za shule, majina nilikuwa nimeyaandika hovyo, nikarudi juu, nikashuka tena. Kisha ikatokea. Msichana mdogo, shati jeupe, macho makubwa, uso umekunjwa kidogo.

Nikageuza kioo.

Mama Asifiwe hakulia. Alisogea karibu, akatazama muda mrefu.

"Njo yeye," akasema. "Nilikuwa naanza kusahau sura yake. Niliogopa kumwambia mutu."

Mke wangu akatoka nje.

Tuliiprinti palepale, kwenye Mint ya flash, printer haikusumbua. Dereva alifika kabla jua halijazama, akaweka bahasha ya picha kifuani, akaondoka.

Halafu tukangoja. Hapo ndipo uoga wa kweli. Barabara ya kwenda kule mnajua ilivyo, leo inapitika, kesho haijulikani. Mama Asifiwe alikuwa anakuja asubuhi anakaa kwenye lile benchi, hauzi kitu. Alikuwa ametoa namba yangu kwa dereva kwa sababu yeye hana simu. Kila simu ikilia tulishtuka pamoja. Mteja anayeuliza bei ya photocopy alikuwa anatukata roho.

Dereva alipopiga, sauti ilikuwa inakatika.

"Papa, tulimuonyesha ile photo mbele ya bale bamama benyewe ba famille, na ule mama mwingine alikuwa pale. Mutoto aliiangalia sana. Akasema kitu moja tu, sisi hatukusikia maana yake."

"Alisema nini?"

"Alisema, pince ilikuwa inaniuma."

"Pince?"

"Pince. Akajishika mugongo. Hatujue ni pince gani."

Wakuu, mimi nilijua ni pince gani.

Wateja wangu wengi wanakuja bila nguo nzuri ya picha. Kwa hiyo nina shati moja jeupe, limetundikwa ukutani, kila mtu analivaa. Ni la mtu mzima. Mtoto akilivaa linamwangukia mabegani, basi mimi nalikusanya kwa nyuma na kulibana na pince ya kuanikia nguo. Kwa mbele linakaa vizuri, kwenye picha huwezi kujua.

Pince haionekani kwenye ile picha. Duniani tulikuwa watu watatu tu tunaojua kwamba ilikuwepo.

Nilimgeukia Mama Asifiwe nikamwambia maneno yaleyale, kama nilivyopewa. Alijishika mgongo, palepale, kabla hata sijamaliza. Kisha akashuka kutoka kwenye benchi mpaka sakafuni, akakaa na kanga yake usoni.

Nilimweleza dereva habari ya pince, naye akawaambia wale wanaolinda watoto, na Asifiwe akaletwa. Aliposhuka kwenye gari alikuwa amekonda, na mpaka leo anaongea kidogo. Hataki kuingia dukani kwangu. Anasimama mlangoni, analiangalia lile shati.

Mnaotaka mambo ya kiufundi, funzo langu ni hili. Neno lako la kufungia disque liandike kwanza mahali unapoliona kwa macho, kwenye keyboard ileile, kabla ya kuliandika mahali pa nukta. Ukifuata uzi wa mtu, jua yeye ameshika keyboard gani na wewe umeshika gani. Disque ya namna hii inakubali zaidi ya neno moja, nami sikujua. Sasa Mama Zawadi ana lake, silijui, na sitaki kulijua. Na kuna nakala, imefungwa pia, iko mbali na hapa. Mfumo wenyewe sina ugomvi nao, bado niko Mint.

Lakini yule mama mwingine simsahau. Dereva alisema mama huyo alisikia ile habari ya pince, akatazama picha, akakunja kitenge chake, akatoka. Hakuwa mwongo. Naye ana mtoto mahali, na labda aliwahi kumpigisha picha kwa mtu kama mimi, na mtu huyo akaifuta.

Siku hizi kukiwa hakuna wateja napitia zile folder. Sura ni nyingi. Sijui ni ipi kati yake ambayo haina nakala nyingine popote duniani. Naogopa zikionekana na watu, na naogopa mimi nikipatwa na jambo zisionekane tena. Uoga wa kwanza nilikuja humu nikapata dawa yake. Huu wa pili ndio nimeuleta kwenu.

Nyie mnaotunza vitu vya watu, zaidi yenu nani mwingine anaweza kuvifungua? Semeni hapo chini, nitasoma zote. Ila neno lenyewe msiliandike, na mwenye AZERTY anyooshe mkono tujuane.